Kasoro ya Unga Hufichuliwa na Moto: Somo la Kauri kwa Vijana wa Kasese na Bwera

Bismillahi Rahmani Rahim.



Somo letu la leo linahusu unga. Si unga wa mhogo tunaosongea obundu, bali unga wa mawe na madini, unaosagwa mpaka ukawa laini kuliko poda ya mtoto, ukashindiliwa ndani ya kalibu, kisha ukachomwa mpaka ukawa kitu kigumu kisichopitisha maji wala umeme. Vitu vinavyotengenezwa hivyo tunaviita kauri.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Masomo ya Kiislamu ana habari gani na mambo ya kiwandani? Majibu ni matatu. Kwanza, mmoja wa waandishi wa zamani walioeleza kazi hii hatua kwa hatua alikuwa Mwislamu wa Kashan, na tutamfikia. Pili, fiqhi ya biashara ina mlango mzima unaohusu aibu iliyofichika ndani ya bidhaa, na hakuna bidhaa inayoficha aibu kama kauri. Tatu, wilaya yetu ya Kasese imeishi kwa madini tangu babu zetu, na kijana anayetoka hapa anastahili kujua madini hayo huwa nini baada ya kuondoka.

1. KAURI NI NINI, NA IKO WAPI KWETU?

Kauri ni kitu kisicho chuma wala mti wala plastiki, kilichotokana na udongo au madini na kupata ugumu wake kwa moto. Chungu cha kupikia ni kauri. Tofali la kuchoma ni kauri. Kigae cha sakafuni, kikombe cha chai, na vile vikombe vya kahawia au vyeupe vinavyoshika nyaya juu ya nguzo za umeme, vyote ni kauri.

Lakini ziko kauri za daraja la juu zaidi, ambazo hazitokani na udongo wa mtoni bali na unga uliosafishwa. Mfano wake unapita mbele yetu kila siku. Nenda stendi yoyote ya bodaboda pale Bwera, au kwenye barabara ya kuelekea mpaka wa Mpondwe, umwombe fundi akuonyeshe plagi ya pikipiki. Ile sehemu nyeupe ya plagi ni kauri inayoitwa alumina. Kazi yake ni ngumu mno. Upande mmoja inazuia umeme wa zaidi ya volti 10,000 usivuje, na upande wa pili inakaa ndani ya injini ambamo petroli inawaka mara nyingi kila sekunde. Ikiwa na ufa mdogo tu, umeme unapita pasipotakiwa na pikipiki inakohoa au inakataa kuwaka.

Sasa jiulize: sehemu ile nyeupe ilitengenezwaje? Haikuyeyushwa ikamiminwa kama chuma, kwa sababu alumina huyeyuka kwenye joto linalozidi kidogo nyuzi 2,050 za Selsiasi, na ni shida kupata chombo cha kuibeba ikiwa majimaji. Haikuchongwa kwenye jiwe pia. Ilianza kama unga. Ujerumani ilikuwa ikitengeneza plagi za alumina kwa njia hii tangu miaka ya 1930, na dunia nzima ikafuata. Njia yenyewe ina hatua nne: kusaga, kuandaa, kushindilia na kuchoma. Tuzitazame moja moja.

2. HATUA YA KWANZA: KUSAGA

Kila mtu wa Kasese anajua kwamba unga wa mhogo uliosagwa vibaya hautoi obundu laini. Unabaki na chembechembe, na unapoumega unakatika. Unga wa kauri ni vivyo hivyo, isipokuwa kipimo chake ni kidogo zaidi. Hapa tunahesabu kwa mikromita, na mikromita 1,000 ndizo hufanya milimita moja. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita kati ya 50 na 100 hivi. Unga mzuri wa alumina una chembe za mikromita moja au chini ya hapo.

Kwa nini tusumbuke kusaga kiasi hicho? Fuata hesabu hii. Chukua jiwe lenye umbo la sanduku, kila upande sentimita moja. Lina nyuso sita, kila moja sentimita moja mraba, kwa hiyo jumla ya uso wake ni sentimita 6 za mraba. Likate kuwa visanduku vya milimita moja: utapata visanduku 1,000, na jumla ya nyuso zake ni sentimita 60 za mraba. Endelea kukata mpaka kila kisanduku kiwe mikromita moja: utapata visanduku trilioni moja, na jumla ya nyuso zake ni mita 6 za mraba. Eneo hilo linatosha kutandika miswala saba ya kuswalia, na lote limetoka kwenye jiwe dogo kama punje ya hindi kubwa.

Uso huo ndio nguvu inayosukuma kazi nzima. Chembe zikipata joto, hutaka kupunguza uso wake, kama matone mawili ya mafuta yanavyogusana juu ya mchuzi yakawa tone moja. Kadiri chembe zilivyo ndogo, ndivyo hamu hiyo ya kuungana inavyokuwa kubwa na ndivyo njia inavyokuwa fupi. Chembe kubwa zitahitaji moto mkali zaidi na muda mrefu zaidi, na pengine zisishikamane kabisa.

Kinu kinachotumika mara nyingi ni pipa linalozunguka, ndani yake mna mipira migumu inayogongana na kuponda mawe. Viwanda vya saruji vimetumia vinu vya aina hiyo miaka mingi. Msomaji anayepita Hima ajue kwamba saruji nayo ni habari ya unga: mawe ya chokaa na udongo husagwa, huchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,450, kisha husagwa tena pamoja na jasi. Tofauti ni kwamba kwa saruji mipira ya chuma haina tatizo, lakini kwa alumina safi, chuma kinachokwanguka huchafua unga. Kwa hiyo hutumiwa mipira ambayo yenyewe ni kauri.

Tahadhari moja muhimu kabla hatujaendelea. Vumbi la mawe yenye kwatsi ni hatari kwa mapafu. Chembe zilizo chini ya mikromita chache hupita puani, hupita kooni, zikafika ndani kabisa ya pafu na kubaki humo. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuondoa. Wachimbaji na wasaga mawe wengi duniani wamekufa nao. Kwa hiyo yeyote atakayejaribu kazi hii asage kwa maji, asifagie vumbi kavu, na avae barakoa ya kuzuia vumbi. Kuuhifadhi mwili ni wajibu kabla ya kutafuta riziki.

3. HATUA YA PILI: KUANDAA UNGA

Hapa wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe ndipo shida inapoanza. Unga laini mno haukubali kukaa chembe mojamoja. Hushikana ukawa madonge, kama maziwa ya unga yaliyopata unyevu. Kwa jicho unaona unga mmoja, lakini kwa kweli ni rundo la madonge, na katikati ya donge na donge kuna nafasi kubwa tupu. Ukiushindilia hivyo, nafasi zile zitabaki ndani ya kifaa.

Dawa yake ni kuuchanganya unga na maji pamoja na dawa kidogo inayozipa chembe chaji ya umeme wa aina moja, ili zisukumane na zisishikane. Mchanganyiko huo ukikorogwa vizuri unakuwa kama uji mzito usio na madonge. Kisha huongezwa gundi kidogo, na uji wote hunyunyizwa kama mvua ndani ya chumba chenye hewa ya moto. Kila tone hukauka likiwa bado hewani na kuanguka kama kidonge kidogo cha duara. Vidonge hivyo vinatiririka vizuri kama mtama mkavu, kwa hiyo vinajaza kalibu sawasawa mpaka kwenye pembe. Lakini ni lazima viwe laini kiasi cha kupondeka vikishindiliwa. Vikiwa vigumu mno, vinabaki vizima ndani ya kifaa, na tunarudi kwenye tatizo la madonge.

4. HATUA YA TATU: KUSHINDILIA

Njia rahisi ni kalibu ya chuma. Unga hutiwa ndani, na bastola ya chuma hushuka kuugandamiza. Shinikizo la kawaida ni kama megapaskali 100, ambalo ni sawa na kuweka mzigo wa tani moja juu ya eneo la sentimita moja ya mraba.

Hata kwa nguvu hiyo, unga hausongamani wote kwa usawa. Ujaribu mwenyewe kwa kikombe cha sukari na kijiko: ukisukuma kwa juu, sukari ya juu inashikana lakini ya chini bado imelegea. Sababu ni msuguano. Chembe zinajisugua kwenye kuta za kalibu, na nguvu inapungua kadiri inavyoshuka. Kifaa kinachotoka kinaonekana sawa, kumbe upande mmoja una chembe nyingi na upande mwingine chache. Kikichomwa, upande uliolegea utasinyaa zaidi ya mwenzake, na kifaa kitapinda au kupasuka.

Mafundi wana njia mbili za kuukwepa msuguano huo. Ya kwanza ni kusukuma kutoka juu na chini kwa pamoja. Ya pili ni nzuri zaidi: unga hutiwa ndani ya mfuko wa mpira, mfuko unafungwa na kuzungukwa na majimaji, kisha majimaji ndiyo yanayokandamizwa. Mwanafunzi aliyesoma fizikia anakumbuka kanuni ya Pascal: shinikizo ndani ya majimaji yaliyofungwa huenda kila upande kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo unga unabanwa pande zote kwa usawa. Hivyo ndivyo sehemu nyeupe ya plagi inavyotengenezwa.

Baada ya kushindiliwa, kifaa kinaitwa kibichi. Ni dhaifu kama chaki, na kwa kawaida nusu tu au zaidi kidogo ya ujazo wake ndiyo chembe. Kiasi kinachobaki ni hewa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Hapa ndipo mahali pa mwisho pa kurekebisha kasoro. Baada ya hapa ni moto.

5. HATUA YA NNE: MOTO

Kwanza joto hupandishwa polepole ili gundi iungue na moshi wake utoke. Fundi mwenye haraka akiruka hatua hii, moshi unakosa njia na kifaa kinapasuka kwa ndani. Kisha joto linapanda hadi nyuzi 1,600 hivi kwa alumina. Haijayeyuka, lakini atomi zake zimeanza kutembea. Pale chembe mbili zinapogusana, atomi husogea na kujenga shingo kati yao. Shingo inanenepa, nafasi kati ya chembe inapungua, na vitundu vya hewa vinafunga kimoja baada ya kingine.

Kwa kuwa hewa inatoka, kifaa kinasinyaa. Tufanye hesabu. Kifaa kibichi kina chembe asilimia 55 ya ujazo wake, na tunataka kifike asilimia 98. Gawanya 55 kwa 98, unapata 0.561. Tafuta kipeo cha tatu, unapata karibu 0.825. Maana yake, kifaa kilichoingia tanurini kikiwa na urefu wa milimita 100 kitatoka kikiwa na milimita 82.5. Fundi lazima aijue hesabu hiyo kabla ya kuchonga kalibu yake. Asipoijua, hata kifaa kizima hakitaingia mahali pake.

Zile asilimia mbili za vitundu zilizobaki nazo zina kisa chake. Kwa miaka mingi watu waliamini haziwezi kuondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu Robert Coble, katika maabara ya kampuni ya General Electric huko Marekani, aligundua kwamba ukitia oksaidi ya magnesi kidogo sana katika alumina, chembe haziharakishi kukua na kuvifungia vitundu ndani yake. Vitundu vinapata muda wa kutoka. Kauri iliyopatikana ilikuwa karibu haina kitundu, na ikapitisha mwanga. Ndiyo iliyowezesha zile taa za barabarani zenye mwanga wa manjano ambazo miji mingi ilitumia kabla ya taa za kisasa.

6. AIBU ILIYOFICHIKA

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Chuma kikizidiwa na mzigo hupinda kwanza, na kupinda ni onyo. Kauri haina onyo. Inabeba, inabeba, kisha inavunjika ghafla. Na haivunjiki kwa wastani wa uimara wake, bali kwa kasoro yake kubwa kuliko zote. Mwingereza A. A. Griffith alieleza jambo hili mwaka 1920: nguvu ya kitu cha namna hii hutegemea urefu wa ufa uliomo ndani yake. Ukiufanya ufa kuwa mfupi mara nne, nguvu inaongezeka mara mbili. Kwa hiyo donge moja ambalo halikupondwa, au unywele mmoja ulioanguka ndani ya unga ukaungua na kuacha tundu, unaweza kuamua maisha ya kifaa kizima.

Mwaka 2001 dunia ilipata funzo chungu. Vichwa vya nyonga bandia vilivyotengenezwa kwa kauri ya zirkonia, ambavyo madaktari waliwawekea wagonjwa mahali pa kichwa cha mfupa wa paja, vilianza kuvunjika ndani ya miili ya watu. Vilivyovunjika vilikuwa mamia. Vilitoka kwa mtengenezaji wa Ufaransa ambaye bidhaa zake zilikuwa zimeaminiwa kwa miaka. Uchunguzi ulielekeza kwenye badiliko la tanuri: kiwanda kilikuwa kimehama kutoka tanuri la kuchoma kwa mafungu kwenda tanuri la mfululizo, na baadhi ya mafungu yakatoka na kauri ambayo unyevu wa mwili uliiharibu upesi. Unga ulikuwa uleule na umbo lilikuwa lilelile. Kwa macho, kizuri na kibovu havikutofautiana.

Wanaosoma fiqhi wanakumbuka hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenye rundo akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Ndugu msomaji, litazame lile rundo kwa jicho la somo letu. Mtume hakuridhika na uso wa juu. Aliingiza mkono ndani, kwa sababu aibu ya kitu cha chembechembe hukaa ndani.

Kutokana na hadithi hii na nyinginezo, wanachuoni wamejenga hukumu ya hiari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo na hakuambiwa, ana haki ya kurudisha. Lakini haki hiyo inamsaidia mnunuzi wa kigae. Haimsaidii aliyevunjikiwa na nyonga. Kwa hiyo katika kazi za namna hii, amana hulipwa mapema, kwenye chekecheke, kwenye kinu na kwenye kalibu, mahali ambapo hakuna mnunuzi anayetazama.

7. WALIOTUTANGULIA

Katika karne ya 9, wafinyanzi wa Iraki waliona vyombo vyeupe vya Uchina na kuvitamani. Hawakuwa na udongo mweupe wa kaolini wa Wachina, kwa hiyo walifunika udongo wao wa manjano kwa kioo cheupe chenye bati, na wengine wakachora juu yake kwa buluu ya kobalti. Baadaye mafundi wa Misri na Iran walikwenda mbali zaidi: waliacha udongo wakaanza na jiwe.

Mwaka 1301, sawa na 700 Hijria, Abu al-Qasim al-Kashani, mwana wa ukoo mashuhuri wa wafinyanzi wa Kashan, aliandika kanuni ya kazi hiyo: mafungu kumi ya kwatsi iliyosagwa, fungu moja la unga wa kioo, na fungu moja la udongo mweupe. Angalia hekima yake. Kwatsi inatoa ugumu, udongo unasaidia kufinyanga, na kioo kinayeyuka motoni kikazigandisha chembe za kwatsi pamoja. Kauri ya kaure inayotumika leo kwenye nguzo za umeme hutumia wazo hilohilo, isipokuwa badala ya kioo hutiwa jiwe la felspa ambalo huwa kioo lenyewe likiwa tanurini.

Abu al-Qasim alitaja pia jiwe la buluu la kijiji cha Qamsar karibu na Kashan. Jiwe hilo ni la kobalti. Kobalti ya Iran ilisafirishwa mpaka Uchina, na huko ikachora vile vyombo vya buluu na nyeupe ambavyo vilirudi kwa majahazi hadi pwani ya Waswahili. Vipande vyake vimechimbuliwa Gedi na Kilwa, na mabakuli ya kigeni yalipachikwa kwenye makaburi ya nguzo kama yale ya Kunduchi.

8. NA SISI JE?

Neno kobalti si geni Kasese. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Shaba ilikwenda kuyeyushwa Jinja, lakini mabaki yenye kobalti yalirundikwa hapa kwetu, zaidi ya tani milioni moja. Kuanzia mwaka 1999 kiwanda cha kobalti cha Kasese kiliyachakata mabaki hayo kwa kutumia bakteria wanaokula salfa ya jiwe na kuiachilia kobalti. Rundo lilipokwisha, kazi nayo ikasimama.

Kobalti ina kazi kubwa katika somo letu la unga. Unga wa tangsteni kabaidi ukichanganywa na kobalti asilimia 6 hadi 10 hivi, ukashindiliwa na kuchomwa kwenye nyuzi 1,400 hivi, kobalti huyeyuka na kuzishika chembe ngumu kama kioo cha Kashan kilivyoshika kwatsi. Kinachotoka ni ncha ya kutoboa miamba. Kilembe kuna kobalti. Nyamuliro, upande wa Kabale, kuna madini ya tangsteni. Mutaka, kusini-magharibi, kuna kaolini na felspa, ambazo watafiti wa Makerere wakishirikiana na chuo cha KTH cha Stockholm wamezipima kwa ajili ya kauri za nguzo za umeme. Lakini ncha ya kutobolea mwamba tunainunua, plagi tunainunua, na kikombe cha nguzo ya umeme tunakinunua.

Sisemi kwamba kesho tufungue kiwanda cha plagi Bwera. Matanuri na mashinikizo ya kazi hiyo ni ghali. Ninachosema ni kwamba madini yenyewe si kizuizi cha kwanza. Kizuizi ni watu wanaojua kuusoma unga: kupima chembe, kukadiria usinyaaji, kuandika kila moto uliowashwa na kila kifaa kilichopasuka. Ujuzi huo huanza kwa vitu vidogo, na baadhi yake unaweza kuanza likizo hii nyumbani.

9. JARIBIO LA LIKIZO

(a) Chukua udongo wa kufinyangia, uugawe mafungu mawili. La kwanza ulitumie kama lilivyo. La pili ulikoroge kwa maji mengi, ulichuje kwa kitambaa, uliache litulie, umwage maji ya juu.

(b) Yaache mafungu yote yafikie unyevu sawa, kisha uyashindilie ndani ya kisanduku kimoja cha mbao ili yatoke matofali madogo yenye ukubwa sawa. Chora kwa kisu mstari wa sentimita 10 juu ya kila moja.

(c) Yakaushe kivulini siku kadhaa, kisha mwombe mchoma matofali au mfinyanzi ayachome pamoja na yake.

(d) Pima mstari tena. Andika umesinyaa kwa asilimia ngapi.

(e) Pima uzito yakiwa makavu, yaloweke saa 24, yafute, upime tena. Toa uzito wa kwanza kwenye wa pili, gawanya kwa wa kwanza, zidisha kwa 100. Hiyo ni asilimia ya maji yanayonywewa, na ni kipimo cha vitundu. Kigae bora cha kaure hunywa asilimia 0.5 au chini ya hapo. Kigae cha ukutani kinaweza kupita 10. Ukienda dukani, dondosha tone la maji nyuma ya kigae uone linakaa au linapotea.

(f) Ligonge kwa kidole. Lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti butu. Wafasiri wa Surat Ar-Rahman, aya ya 14, wanaeleza kwamba neno salsal ni udongo mkavu unaotoa sauti ukigongwa. Kina mama sokoni wanaponunua chungu hukigonga kwanza, na sasa unajua wanasikiliza nini.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kwa nini alumina haimiminwi kama chuma?
2. Taja hatari mbili za unga laini: moja kwa kifaa, nyingine kwa mfanyakazi.
3. Kifaa kibichi kina chembe asilimia 60 na kitafika asilimia 98. Urefu wa milimita 50 utabaki milimita ngapi? (Jibu: karibu 42.5.)
4. Kioo katika kanuni ya Kashan, felspa katika kaure, na kobalti katika ncha ya kutobolea vina kazi gani moja?
5. Jadilini katika darsa: hiari ya aibu inamlinda mnunuzi kiasi gani, ikiwa kasoro haiwezi kuonekana mpaka kifaa kivunjike?

Tunamuomba Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuitengeneza kazi yetu vizuri hata mahali asipotuona mtu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.